Kifaa Hakijapatikana

"Kifaa hakijapatikana," inasema kompyuta
kwa adabu ya karani wa benki saa ya kufunga.
Kamera iko hapa hapa, shubiri moja kutoka kwenye skrini,
imechomekwa waya kama mgonjwa wa dripu.
Nje, Valdivia inanyeshewa siku ya tisa.
Bati linapigwa, jiko la kuni linakoroma,
nami, Rosaura Oyarzún, mwalimu mstaafu wa hesabu,
nabishana na mashine ya marehemu.

Nimechomoa, nimechomeka.
Nimezima, nikahesabu hadi thelathini, nikawasha.
Nimepuliza vumbi tunduni kama apozaye uji wa mtoto.
Penye nia pana njia, walisema waliosema,
ila hawakuwahi kuona tundu la pini nne
na waya wa pini sita.

Waya wa pini nne niliupata Jumanne
kwa fundi Wulf, barabara ya Picarte.
Aliuvuta kutoka sanduku la rimoti zilizokufa
ukatoka na wenzake saba, wamekumbatiana.
"Na huo mwembamba ulio nao, mama, usijisumbue.
Unabeba picha za kadi tu. Kanda hauijui."
Pesa akakataa. Akachukua chupa ya jamu ya murta.

Bado. Kifaa hakijapatikana.

Saa tano usiku nampigia Lautaro, mtoto wa kaka,
yuko Antofagasta, jangwani, ambako mvua ni uvumi.
"Shangazi, kitufe cha pembeni kimeelekea wapi?"
"Kwenye alama ya kamera. Si ni kamera?"
Akacheka, nikamsikia akifunika simu.
"Kisogeze kwenye alama ya kanda.
Ukikiacha hapo inadhani unataka kurekodi,
inakodolea macho yaliyo mbele. Wewe unataka ikumbuke.
Na betri itoe, tumia umeme wa ukutani,
kwa betri inasinzia."
Kama babu yako, nikasema.
Kimya kidogo. "Kama babu," akasema.

Nikakisogeza.
Tk.
Kompyuta ikatoa mlio
wa mtu aliyekumbuka jina lako katikati ya mkono wa kheri.

Kanda ina mwandiko wa baba, herufi zimelalia kushoto:
Harusi ya Edelmira, 2003.
Harusi yenyewe ina dakika nne.
Edelmira anakata keki, mgongo wa mtu unapita,
halafu mkono unashusha kamera
na baba, ambaye hata redio alikuwa haizimi,
anaondoka nayo ikining'inia begani, jicho wazi.

Dakika thelathini na nane za sakafu.
Viatu vyake vya kahawia. Mkia wa mbwa.
Ukingo wa gauni la mtu, soda imemwagika.
"Nani kachukua kofia yangu?" Hakuna anayejibu.
Na pumzi yake, ile yenye filimbi ndogo mwishoni,
niliyoisikia mara ya mwisho Juni, hospitali, kitanda cha dirishani.

Anapanda ngazi za nyumba hii. Anazihesabu.
Ni tabia niliyodhani ni yangu.
"Tisa, kumi, kumi na moja..."
Picha inavunjika vigae vigae, sauti inajikwaa,
"...na tatu," anasema, na amefika.

Programu inaripoti: fremu kumi na mbili zimepotea.
Chini ya nusu sekunde, nimepiga hesabu.
Funga programu nyingine zote, anasema Lautaro, diski inachoka,
rudisha nyuma, anza upya.

Nimefunga zote. Nimezima hata saa ya ukutani,
ujinga huo, najua.
Mara ya pili zimepotea tisa, mahali pengine,
pale kwenye kofia.
Lakini ngazi ya kumi na mbili ipo. Ameitaja
kwa sauti ya chini, kama apitaye mlango wa mtu aliyelala.

Kuni zimebaki mbili.
Narudisha kanda nyuma.